Tumbawe la Bungoma

Kwa miaka mingi nilichora matumbawe kwa chaki. Kila mwaka, tukifika pale kwenye silabasi ya jiografia, nilichora ufuo, nikachora mwamba, nikapaka kina kirefu kwa kile kipande cha chaki ya buluu nilichokuwa nakificha kwenye mkoba wangu, kisha nikasema kwa sauti ya mtu anayejua: tumbawe ni mnyama, si jiwe. Wasichana wanaandika. Siku moja mmoja wao akanyoosha mkono akauliza kama mwalimu mwenyewe amewahi kuliona. Nilimwambia akae chini tuendelee, lakini nilirudi nyumbani Tuwan, mtaa wetu wa Kitale, nimeudhika hata chai haikushuka. Kisa cha kuudhika ni kwamba msichana hakuwa amekosea. Hata Mombasa nilikuwa sijakanyaga.

Mimi ni mtu wa hasira, na hasira yangu haipotei bure. Mwaka huohuo daktari mmoja mgeni alikuwa anahama Kitale, vitu vyake vikatolewa nje viuzwe. Watu waligombania friji na makochi. Mimi nikanunua tangi la kioo ambalo hakuna aliyeligusa, pamoja na pampu yake, hita yake na taa zake ndefu za tyubu. Mume wangu, ambaye nitamwita Mzee kwa sababu ndivyo ninavyomwita, alilizunguka pale sebuleni mikono nyuma, akauliza kama ni la kupanda sukuma wiki. Nikamwambia naleta bahari. Akasema sawa, ila bahari isimwagikie redio yake.

Bahari haiji kwa kuchota chumvi ya jikoni. Ile ya kufugia inatengenezwa maalum na inauzwa kwa ndoo, na mimi niliipata Nairobi kwa mtu mwenye duka la samaki wa maji chumvi. Maji ya mfereji nayo yana dawa, kwa hivyo niliamua kutumia ya mvua, na Kitale mvua si kitu cha kutafuta. Nyumba yetu ilikuwa ya zamani, ya vigae, na maji ya paa lile yalikuwa safi. Nilikoroga, nikapima kwa kile kipimo kinachoelea, nikaongeza, nikapima tena. Halafu nikaacha maji yazunguke tangini bila kiumbe ndani, wiki baada ya wiki, mpaka yakomae. Hapo ndipo mtaa mzima uliamua kwamba mwalimu ameanza kurukwa na akili. Wanakuja kuona maji. Maji tu, na mawe.

Nilipofunga safari ya kwenda kuchagua tumbawe, yule mwenye duka alinionyesha kwanza yale ya matawi, zambarau na kijani, maridadi kama kitambaa cha harusi. Alikuwa ameyakuza mwenyewe dukani kutoka vipande vidogo, maana kung'oa baharini ni makosa. Nikamwuliza ni lipi linalomsamehe mtu anayejifunza. Akacheka, akasema wateja wengi hawaulizi hivyo, wanauliza lipi linang'aa. Nikamwambia mimi nimekulia sokoni, na kuku hachaguliwi kwa manyoya, unamtazama macho na unamshika kifua.

Basi akaniacha nikachagua kama kuku. Nilipita yale ya mawe magumu, yanataka taa kali na mtu mzoefu. Nikafika kwenye lile la ngozi: shina nene, juu kofia kama ya uyoga, na kofia yote imeota vinywele vifupi vinavyoyumba maji yakipita. Nilikaa nikilitazama mpaka mwenye duka akaniletea kiti. Shina limesimama, halijalegea. Limeshika jiwe lake vizuri. Halina utelezi, halina harufu, halina sehemu iliyogeuka rangi. Na nilipopitisha kivuli cha mkono juu ya maji, likaanza kurudisha vinywele vyake ndani polepole, kama mtu anayekunja mkeka. Haki ya Mungu machozi yalinitoka. Nilikuwa nimewaambia wasichana ni mnyama kwa miaka yote hiyo, na sasa ndiyo nilikuwa naamini.

Yule bwana alinipa masharti machache, na moja alilirudia mpaka nikaona ananidharau: chuma kisiguse maji. Hata sarafu, hata pini ya nywele. Nikamwambia nimesikia.

Tumbawe likakaa Tuwan, likanawiri. Sisemi kwa kujigamba. Wacha niseme kwa kujigamba, kwani nani aliyekuwa nalo Kitale? Lilipanuka mpaka kofia yake ikawa kama sahani ya chai. Nililijua tabia. Kuna wakati linajifunga kabisa, linakuwa kama kiatu cha zamani, na juu linatanda utando unaong'aa. Mara ya kwanza nililia nikidhani limekufa. Kumbe linajivua ngozi. Baada ya siku kadhaa utando unachukuliwa na maji, na lenyewe linatoka jipya. Nilileta wasichana wa shule kwa zamu, na yule aliyeniuliza swali nikamweka mbele kabisa. Wageni wa kanisani walikuwa wanauliza samaki yuko wapi, na wengine wanauliza huyo ataiva lini. Mcheza kwao hutunzwa, lakini si mara ya kwanza.

Halafu binti yangu akataka kuolewa.

Ni muuguzi, binti huyo, na mimi nilikuwa nimeshampangia daktari kichwani mwangu. Yeye akaniletea mkulima wa miwa kutoka Bungoma, upande wa Kabuchai, kijana mpole, mrefu, asiye na maneno mengi. Sikumkataa. Nilinyamaza tu, na kunyamaza kwangu kunajulikana. Kwa mwaka mzima sikumwita mkwe, nilimwita yule mtu wa miwa. Mzee alikuwa ananiambia mwalimu, huyo mtu wa miwa siku moja atakuzika. Nami nasema basi anizike, sijakataa.

Mama wengine huwapa binti zao sufuria na mablanketi. Nilimpa hayo yote. Halafu nikachukua wembe mpya, nikakata pembeni mwa kofia ya tumbawe kipande kidogo, nikakifunga kwa uzi juu ya jiwe mpaka kikashika chenyewe. Tumbawe la ngozi halilalamiki kukatwa, linafunga kidonda na kuendelea. Fundi wa vioo mjini alimtengenezea tangi dogo, na binti akaondoka nacho kwenda Bungoma. Nilimfundisha yote, hata maji: maji ya mvua, ya kwenye paa, mwanangu, usitumie ya mfereji.

Baadaye binti akapata nafasi ya kusoma zaidi Nairobi. Tangi likabaki kwa mumewe. Mtu ambaye hajaona bahari, mwenye viganja vigumu kwa kukata miwa, ndiye aliyeachiwa. Nilimwambia Mzee hilo limekwisha.

Lakini lililokwisha kwanza lilikuwa langu. Radi ilipiga transfoma ya mtaa wetu msimu wa mvua, stima ikapotea, na ikaendelea kupotea. Pampu kimya, hita baridi. Na Kitale mnaijua, baridi yake inaingia hadi kwenye sukari. Tulichemsha maji, tukayatia kwenye chupa za soda na kuziweka ndani ya tangi zikielea. Mzee alileta pampu ya baiskeli akawa anapuliza hewa majini, anapumzika, anapuliza tena, mtu aliyekuwa akiniuliza kuhusu sukuma wiki. Haikutosha. Tumbawe lilijifunga, likalegea, likaanza kunuka. Mwalimu mzima nilikaa sakafuni nikalia kama nimefiwa, na nilikuwa nimefiwa.

Mzee alisimama karibu nami na pampu yake mkononi.

"Mwalimu," akasema, "si yule mtoto wake yuko Bungoma?"

Ni kweli. Bungoma kuna joto, na stima yao ilikuwapo. Kile kipande nilichokata kwa wembe ndicho kilichokuwa kimebaki duniani cha lile tumbawe langu. Na kilikuwa mikononi mwa yule mtu wa miwa.

Hapa inabidi mtu wa mbali aelewe jambo. Kwetu Wabukusu, mama mkwe na mkwe hawakutani hivi hivi. Hawashikani mkono, hawali meza moja, na mama haingii nyumba ya mkwe mpaka apokewe rasmi, akiwa na wanawake wenzake, kwa zawadi na heshima zake. Mimi nimesoma chuo, naimba kwaya, nimefundisha mpaka wana wa wanafunzi wangu, lakini mambo ya ukwe siyachezei. Siku yangu ya kupokewa ilikuwa imepangiwa Desemba. Kwa hivyo kile kipande kilipoanza kuugua, mkwe hakunipigia hata simu. Alimwambia mkewe Nairobi, na mkewe akaniambia mimi: tumbawe limejifunga.

Nikajibu kwa njia ileile. Linajivua ngozi, aliache.

Ikapita wiki, ujumbe ukazunguka tena. Halijafunguka. Nikasema basi abadilishe maji, kidogo kidogo, aondoe jagi aongeze jagi, mwenda pole hajikwai. Akafanya. Binti akaniambia mama, amefanya kama ulivyosema, limezidi. Nikasema aendelee, asichoke. Akaendelea. Kila nilichomwagiza alikifanya bila kuongeza wala kupunguza, na kila alipokifanya lilizidi kuzama. Ujumbe wa mwisho ulisema kofia imeanza kuwa nyeusi pembeni. Siku hiyo nilitia chumvi na kipimo changu kwenye kikapu, nikamwambia Mzee avae viatu.

Akaniuliza nitaingiaje nyumba ya mkwe kabla ya Desemba. Nikamwambia sitaingia, wewe ndiye utakayeingia. Njiani, pale Kiminini, tulinunua mkungu wa ndizi, maana mkono mtupu haulambwi, na njia nzima nilimfundisha Mzee mambo ya kutazama: shina, harufu, utelezi, joto. Alikuwa anaitikia ndiyo mwalimu kama wa darasa la kwanza.

Nilikuta nimewekewa kiti uani, chini ya mparachichi, kikiwa kimegeuzwa mgongo kwa nyumba ili adabu isivunjike. Mkwe mwenyewe alikuwa ameshajificha ndani. Nikakaa. Mzee akawa daraja. Anaingia, anatoka. Shina bado limesimama kidogo, anasema. Harufu ipo, lakini ya upande mmoja. Joto liko sawa, pampu inazunguka, taa zinawaka. Nikauliza chumvi, akarudi na kipimo, chumvi iko sawa hata kuliko yangu. Nikauliza kama kuna chuma chochote kimeanguka majini. Mkwe akasema hapana, hata sufuria haitumii, anatumia jagi la plastiki alilolinunua kwa kazi hiyo peke yake.

Nilianza kupandwa na hasira. Si kwa mtu, kwa lile jambo. Kila kitu kiko sawa na kitu kinakufa, hiyo ni nini? Jua likatoka kwenye mawingu, na ardhi mbele yangu ikapigwa na mwanga mkali kutoka nyuma. Nikasahau adabu, nikageuza shingo.

Paa lote lilikuwa linametameta. Kwenye picha za harusi nyumba ile ilikuwa na mabati makuukuu yaliyopakwa rangi nyekundu mara nyingi hata ungedhani ni vigae. Sasa yalikuwa mapya, ya fedha, bado yana zile stika za dukani. Na kwenye ukingo wake kulikuwa na mfereji mpya wa kukinga mvua unaoshuka moja kwa moja hadi kwenye pipa la maji. Nani anafikiria paa ni chuma? Mimi niliyeambiwa hata pini ya nywele, nilikuwa nimemwagiza mtu wa watu ammiminie mnyama wangu maji yanayoosha zinki ya mabati mapya, jagi baada ya jagi.

"Hayo mabati ni ya lini?" Nilisema kwa nguvu hata Mzee hakuhitajika.

Kisha sauti ikatoka dirishani, nyuma ya pazia, sauti ambayo sikuwahi kusikia ikinielekea.

"Ni ya kwako, mama. Ni ya Desemba. Dari ilikuwa inavuja, nikaona siwezi kukukalisha chini yake."

Mtu huyu alikuwa ameuza miwa akaniezekea nyumba. Akanitii kila neno nililomtumia. Heshima na utii ndivyo vilivyokuwa vinaua tumbawe, na hapakuwa na mkosaji uani pale. Nikamwambia Mzee amwambie alete turubai ya kukaushia mahindi.

Hilo la turubai watu wa kwetu hawahitaji kufundishwa. Kila nyumba inayo, ya plastiki, pana. Safari hii haikuwa ya kukinga mahindi na mvua, ilikuwa ya kukinga mvua yenyewe, moja kwa moja kutoka juu, kabla haijagusa paa la mtu. Lakini kwanza wembe. Sehemu nyeusi haiponi, inaambukiza nyingine, lazima iondoke. Mzee alienda na maneno yangu, akarudi akasema kijana anaogopa, ati itabaki kidogo sana. Nikasema akate palipooza, aache penye uzima, hata kikibaki cha ukubwa wa kifungo. Akakata. Mzee akatoka akanionyesha kwa kidole: kifungo.

Mvua ya Bungoma ya alasiri haichelewi. Ilikuja kutoka upande wa mlima Elgon, na wakatoka wote wawili, Mzee na mkwe, wakashika turubai pembe nne kwa mikono na kamba. Mkwe alinipa mgongo, nami nikampa mgongo. Niliwaambia kwa sauti maji ya kwanza wayamwage, yaoshe turubai, ndipo wakinge kwenye beseni. Mparachichi haukunisaidia chochote. Nilinyeshewa kama mbuzi aliyesahauliwa malishoni, kitambaa cha kichwa kikanishuka machoni.

Nikasikia wakinong'onezana. Mzee akaja. Akasema mkwe anaomba mama aingie ndani, yeye atabaki nje mpaka mvua iishe, hawataonana, hakuna atakayesema kitu. Anaumia kuona mama mkwe amelowa uani kwake.

Sikumjibu Mzee. Nilijibu mwenyewe, bila kugeuka.

"Nikiingia leo, mwanangu, utakuwa umemwezekea nani?"

Nikasikia turubai ikiinuliwa vizuri zaidi. Mzee akasema mtakufa na homa nyote wawili kwa ajili ya adabu, na mimi nitabaki na tangi. Lakini na yeye hakuingia.

Nikamwelekeza mkwe akoroge chumvi, aache maji yazunguke hadi kesho yake, kisha abadilishe polepole, na tangu siku hiyo asichukue tone kwenye pipa. Tukaondoka kabla sijajua kama kifungo kitaishi. Njiani Mzee aliniuliza kama nimejisikia nikimwita mwanangu. Nikamwambia ilikuwa mvua.

Wiki zikapita na kila simu ya binti ilinikuta na moyo mkononi. Kimefunga. Bado kimefunga. Kidonda kimepona lakini kimefunga. Kisha siku moja akacheka kabla hajasema chochote, nikajua. Mumewe alikuwa amempigia akiwa darasani, akamwambia mwambie mama vinywele vimetoka.

Desemba nilienda na wanawake wenzangu wa kwaya, tukiimba tangu barabarani. Nilipokewa jinsi mama anavyopokewa. Nilifunikwa blanketi, nikapewa mbuzi, nikavuka kizingiti. Mvua ikapiga kidogo juu ya mabati yangu, na mlio wake ulikuwa mzuri. Tangi lilikuwa pembeni, na ndani, juu ya jiwe lake, kile kifungo kilikuwa kimekua kikawa kofia mbili, zimeshikana kwenye shina moja. Kando yake palikuwa na jiwe dogo peke yake, na juu yake kipande kichanga kilichofungwa kwa uzi. Fundo la uzi lilikuwa langu, lile nililomfundisha binti. Lakini binti alikuwa amerudi jana yake tu kutoka Nairobi, na kipande kilikuwa kimeshashika.

Mkwe alinyoosha mkono. Ilikuwa mara ya kwanza. Nikaushika, kiganja kigumu kile, chenye alama ndogo ya wembe kwenye kidole gumba. Akaniambia hicho cha jiwe dogo ni cha kurudi nami Kitale, kwa sababu amesikia tangi la mama liko tupu.

Sasa kiko Tuwan na kimekuwa kikubwa kuliko bibi yake, lile tumbawe la kwanza. Watu bado wanakuja, bado wanatafuta samaki. Wakiniuliza kitu hiki cha baharini nilikitoa wapi, nawaambia Bungoma. Wanacheka, wanasema mwalimu wa jiografia, Bungoma kuna bahari? Nawaambia ketini chini. Nina mkwe huko.